Barua kwa Kocha, kutoka Oslo

Kocha,

Mimi huku sijambo, dada hajambo, shemeji hajambo, watoto wamerefuka mpaka nimeogopa. Uliniagiza nisikuandikie habari za maghorofa na baridi. Baridi yenyewe haipo, huu ni Agosti na jua linazama saa tatu usiku. Ukasema: niandikie mpira. Haya, kaa vizuri, mwambie mtu akuletee kahawa.

Nilifika wakati wa Norway Cup, mashindano ya mpira ya watoto na vijana, na dada hakunipa hata nafasi ya kulala usingizi wa safari. Tulipanda tramu ya Ljabru, inayopanda kilima kutoka mjini huku nyuma yako bahari inazidi kuonekana, imeingia katikati ya milima kama ilivyopenda. Ukishuka juu unakuta uwanda wa nyasi wa Ekeberg, na hapo, Kocha, nilisimama. Viwanja vimepangwa ubavu kwa ubavu mpaka macho yanachoka. Filimbi inalia huku, watu wanashangilia goli kule, mpira wa kiwanja cha tatu umeangukia cha nne na hakuna anayegomba. Timu zaidi ya elfu moja kwa wiki moja! Watoto wadogo wa darasa la kwanza, na vijana wa miaka 19 wenye ndevu halali.

Nikadhani ni mambo ya shirikisho, au serikali imemwaga pesa. Hapana. Mashindano haya yalianzishwa mwaka 1972 na klabu ya mtaa, Bækkelagets Sportsklub, na mpaka leo ni yao. Klabu ya mtaa, Kocha, ya wazazi na majirani. Wachezaji wanaotoka mbali wanalala madarasani, maana shule zimefungwa: magodoro sakafuni, soksi zimeanikwa madirishani, mwalimu wa timu anapita saa nne usiku kuzima taa. Kasoro kuni na sufuria la ugali, ungesema ni UMITASHUMTA, michezo yetu ya shule za msingi. Na wasichana wamecheza hapa tangu mwaka ule wa kwanza, wakati shirikisho la Norway lenyewe halikulitambua rasmi soka la wanawake mpaka 1976. Wanawake wa nchi hii wakaja kuwa mabingwa wa dunia mwaka 1995 na wa Olimpiki mwaka 2000, kazi ambayo wanaume wa Norway hawajaifanya.

Jirani zetu Wakenya uwanda huu wanaufahamu siku nyingi. Watoto wa MYSA, kutoka Mathare, Nairobi, wamekuwa wakija tangu enzi za miaka ya tisini, na vikombe wamechukua. Hawa uliwahi kuniambia habari zao: chama kilichoanzishwa 1987 na Bob Munro, yule Mkanada, ambapo timu ikizoa taka na kuzibua mitaro ya mtaani inaongezewa pointi kwenye msimamo wa ligi. Yaani unaweza kufungwa Jumamosi na bado ukapanda juu kwa sababu ya ufagio. Kutoka humo ikazaliwa Mathare United mwaka 1994, na mwaka 2008 wakawa mabingwa wa Kenya nzima. Nakukumbusha kwa sababu wako watu kwetu wakisikia neno Norway wanasema aa, hao wana pesa. Mathare walikuwa na nini?

Basi, Norway Cup ni harusi. Mimi nilitaka kuona ndoa, maisha ya siku zote. Ligi za mitaa ziliporudi kutoka likizo nikaanza kumfuata mpwa wangu mazoezini. Ana miaka tisa, mwembamba, anaitwa winga ila anacheza popote mpira ulipo. Klabu yao ina kiwanja kimoja kikubwa cha nyasi bandia, kibanda, choo na taa. Zile nyasi zimejazwa chembe nyeusi za mpira wa matairi. Mtoto akivua njumu mlangoni kwa dada, unamwagika mchanga mweusi wa kutosha kupandia mche. Dada anafagia kila jioni na kila jioni anaapa kuwa ndiyo mwisho.

Kiwanja hicho kimoja jioni moja kinabeba watoto wengi kuliko uwanja wetu wa Mkwakwani siku ya bonanza. Wamekikata vipande kwa koni. Wadogo wa miaka sita na saba wanacheza watatu kwa watatu. Wa nane na tisa, watano kwa watano. Kumi na kumi na moja, saba kwa saba. Kisha tisa kwa tisa, na ukubwani ndipo kumi na moja. Nilikaa kwenye ubao wa pembeni nikamtazama kitoto kimoja, cha kike, nywele zimefungwa kwa utepe, jezi inafika magotini. Kwa dakika chache tu aligusa mpira mara nyingi kuliko nilivyougusa mimi msimu mzima uliponipanga beki wa kulia. Alipoteza, akafukuzia, akapokonya, akapiga tobo ambalo sijui kama alilikusudia, akafunga kwenye goli dogo lisilo na kipa. Hakuna mtu aliyemwambia kitu. Kocha wao, ambaye kazi yake mchana ni fundi bomba, alikuwa ameshika chupa ya maji tu. Nilimuuliza mbona hasemi. Akanijibu kwamba akisema, watoto watamtazama yeye badala ya kuutazama mpira.

Sasa nikupe kioja. Jumamosi mpwa alikuwa na mechi. Wakapigwa goli moja, mbili, tatu, nne, yaani kipigo cha mbwa koko. Lilipoingia la nne nikaona timu yetu inaingiza mtoto wa sita, na hakuna aliyetoka! Nikainuka kumwita mwamuzi. Shemeji akanivuta shati, "Kaa, ndiyo kanuni." Ukizidiwa kwa magoli manne unaruhusiwa kuongeza mchezaji, mpaka pengo lipungue. Nilicheka, Kocha. Nilisema hii ni huruma ya kupita kiasi. Lakini niliona kilichotokea: mechi iliyokuwa imekufa ikafufuka. Wale waliokuwa wanashinda, ambao walishaanza kupiga kanzu za madoido, ikabidi wafikiri tena, maana sasa wanakabwa na sita. Wetu wakapata goli mbili. Wote wakatoka wamelowa jasho.

Na msimamo wa ligi hakuna. Sheria za michezo ya watoto nchini hapa zilipitishwa mara ya kwanza mwaka 1987, baadaye zikaongezewa haki za mtoto, na zinafuatwa na michezo yote, kuanzia mpira hadi kuteleza kwenye theluji. Kabla ya mwaka anaotimiza miaka 11, mtoto haandikiwi matokeo wala msimamo. Zawadi zikitolewa kwa watoto, wanapewa wote. Mashindano ya ubingwa wa taifa yanangoja miaka 13. Usidhani watoto hawahesabu, lakini. Mpwa wangu ndani ya gari alinisimulia magoli yote, nani alifunga na kwa mguu upi, na nani alilia. Wanahesabu kuliko mhasibu. Ila wakishuka kwenye gari wameshasahau, na Jumanne wako tena mazoezini, wote, pamoja na yule aliyefungisha magoli mawili.

Hapo ndipo nilipoanza kukufikiria wewe, na samahani kwa nitakayosema. Unakumbuka ulivyokuwa ukitupanga mstari kila Januari? Watoto sitini, unachagua kumi na wanane, wengine "mtajaribu mwakani". Alikuwapo yule kipa mfupi wa Barabara ya 9, aliyekuwa akiruka kama nyani lakini mikono haifiki mwamba. Hukumchukua. Nami katika umri ule ningefanya hivyo hivyo, tulikuwa na fainali ya kombe la mbuzi. Alipofika kidato cha tatu alirefuka akawa anainama kupita mlangoni, lakini mpira alikuwa keshauacha, anauza simu.

Huku nimesimuliwa habari za Bryne, mji mdogo wa wakulima upande wa kusini magharibi. Erling Haaland amekulia pale. Klabu ya Bryne ilikuwa na kundi la watoto karibu arobaini wa rika lake, na walimu wakakataa kuwagawa wenye vipaji huku, wasio navyo kule. Walifundishwa pamoja miaka na miaka, na karibu wote walikuwa bado wanacheza walipofika ujana. Haaland mwenyewe alikuwa mdogo wa umbo mpaka karibu miaka kumi na mitano, wenzake wakimsukuma. Angepangwa kwenye mstari wako wa Januari, Kocha, wallahi angerudi nyumbani. Kutoka kundi lile lile wametoka wachezaji wa kulipwa kadhaa, si yeye peke yake. Na jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba klabu ile ina ukumbi wa ndani wenye nyasi bandia, ambao mwishoni mwa wiki uliachwa wazi watoto waingie wacheze wenyewe, bila kocha, bila koni, bila filimbi. Hiyo ni nini kama siyo chandimu?

Nitakwambia na la vijeba, maana najua litakukera. Sisi tunahangaika na vijeba kila mwaka: cheti cha kuzaliwa kimepakwa maji, mtoto wa chini ya miaka 15 ana mke. Nikamuuliza fundi bomba wanawadhibiti vipi. Hakuelewa swali. Nilieleza mara ya pili, akacheka, akauliza: ili apate nini? Kweli, kwa wadogo hakuna kombe la kuiba. Anayeleta kijeba kwenye mechi isiyo na msimamo atakuwa anajisumbua bure. Sisi tumeweka mbuzi, fedha taslimu na picha gazetini mbele ya mtoto wa miaka kumi na mbili, halafu tunashangaa watu wazima wanadanganya umri.

Usije ukasema nimelogwa. Yako mambo yao yanayonichosha. Nje ya ule muda wa mazoezi, mtaani kwa dada hakuna mtoto anayecheza mpira. Barabara safi, uwanja wa shule upo, goli lipo na nyavu zake, patupu. Mtoto anangoja apelekwe kwa gari, avishwe, arudishwe. Nilipiga danadana pale uwanjani peke yangu nikaonekana kichaa. Ndiyo maana chenga nyingi ninazoziona hapa zimefundishwa, zinatoka kwa zamu, mtu anaziona zikija. Watoto wa kwetu Makorora chenga zao hazina mwalimu. Na pesa wanalipa: kuna ada ya mwaka, ada ya mazoezi, jezi, safari, na kila mwaka inapanda. Dada anasema wako wahamiaji mtaani kwake wanaowatoa watoto kimya kimya, wanasema mtoto amechoka mpira. Kisha mfumo wote huu haukuwafikisha wanaume wao kwenye mashindano makubwa hata mara moja tangu Euro ya mwaka 2000, mpaka walipoipiga Italia 4-1 kule Milan Novemba 2025 wakapata tiketi ya Kombe la Dunia. Robo karne, Kocha! Serengeti Girls wetu walikwenda India mwaka 2022 wakafika robo fainali ya dunia ya chini ya miaka 17, na wengi wao hawajawahi kuona nyasi bandia za mtaani. Watoto wa mitaani wa Mwanza walitwaa ubingwa wa dunia wa watoto wa mitaani kule Rio mwaka 2014, wakiwafunga Burundi 3-1 fainali. Vipaji si tatizo letu hata kidogo.

Tatizo letu nimelijua nikiwa nimevaa aproni.

Jumamosi ile ile ya mechi ilikuwa zamu ya dada kwenye kibanda cha klabu, na dada akazidiwa na kazi zake, akanituma mimi. Nikakuta mama mmoja daktari na baba mmoja dereva wa basi, wananingojea. Nikapewa kazi ya kuoka vaffel, mkate mwembamba laini wenye umbo la moyo, unaomimina uji wake kwenye chuma cha moto unafunika. Unapaka jamu, au unaweka kipande cha jibini ya kahawia, tamu kama kashata. Soseji zinachemka pembeni, kahawa kwenye madumu. Tuliuza asubuhi nzima. Pesa yote inaingia kwenye timu za watoto, hakuna aliyelipwa, hata mimi niliyeungua kidole. Nje alisimama mzazi mwingine amevaa kizibao cha njano: kazi yake ni kuwakaribisha wageni, kuhakikisha makocha wamepeana mikono, na kumsogelea kwa upole mzazi anayempigia kelele mwamuzi. Mwamuzi wa mechi ya saba kwa saba ni kijana wa klabu, sauti yake bado haijavunjika. Ukimzomea, yule wa kizibao anakuja kukuuliza kama unahitaji kahawa.

Na hilo ni dogo. Wazazi wanauza karatasi za chooni! Magari mazima. Kila familia inapewa mafurushi yake ikawauzie majirani na wafanyakazi wenzake, na stoo ya dada imejaa mpaka mlango haufungi. Kuna siku ya kufagia kiwanja, siku ya kupaka rangi kibanda, siku ya kuosha jezi kwa zamu. Ni msaragambo ule ule tuliokua nao, ila wao umeandikwa kwenye ratiba na jina lako lipo, na usipokuja watu wanajua. Hata wanaobeti wamekamatwa. Kampuni ya kamari ni ya serikali, Norsk Tipping, na tangu mwaka 2009 mchezaji anaruhusiwa kutaja klabu ndogo aipendayo, basi sehemu ya pesa anayoweka, siku hizi asilimia 7, inakwenda kwa klabu hiyo. Haikatwi kwenye ushindi wake. Mkeka unachanika, lakini watoto wa mtaa wanapata mipira. Nilifikiria mikeka inayochanika kwetu Ngamiani kila Jumapili, nikakosa usingizi.

Wewe, Kocha, umebeba timu peke yako tangu tulipokuwa wadogo. Mipira yako, nauli yako, maji yako, na mama watoto wako akifua jezi. Wazazi wetu walikuwa wakija siku ya fainali tu, tena kudai kwa nini mtoto wao yuko benchi. Hata ule uwanja wetu wa zamani ulipopimwa ukakatwa viwanja vya kujenga, ulikwenda ofisini peke yako na faili lako kwapani, ukarudi peke yako. Wangekuwa wazazi mia moja mlangoni, wenye majina kwenye ratiba, nadhani yule bwana wa mezani angetafuta miwani yake.

Kwa hiyo nina maombi, na uyatupe ukitaka. Chini ya miaka kumi usimrudishe mtoto nyumbani, hata kama ni mzito, hata kama anakimbilia goli letu. Wagawe watatu watatu, goli dogo la mawe, wacheze, nawe ushike chupa. Kombe la mbuzi waachie wakubwa. Na kabla hujaanza msimu waite wazazi, si kwa hotuba. Waite na daftari. Mama anayekaanga mihogo pale kona akaange uwanjani Jumamosi, faida wagawane na timu. Bodaboda mmoja awe anavaa kizibao cha njano. Najua hata wewe unahitaji kusogelewa kwa upole, mechi na timu ya Chuda zinakubadilisha. Kufua jezi kuwe kwa zamu. Nakujua utasema watu hawatakuja. Labda mwaka wa kwanza watakuja wanne. Hao wanne ni zaidi ya ulionao sasa.

Mzigo wangu una koni, bomba la kujazia upepo na mipira saba ya namba tatu, ambayo klabu ya hapa ilikuwa inaibadilisha, bado mizima. Nashuka Dar mwanzoni mwa Septemba na nitapanda basi la Tanga keshokutwa yake. Yule mdogo wake yule kipa mfupi, aliyekuwa akichungulia mazoezi kutoka ukutani, mwite sasa hivi umwambie aje na wenzake, usingoje Januari.

Msalimie mama, na umwambie aache kufua jezi.

Wako mtiifu,
Beki wa kulia